Muulize Fundi: Bledi ya 165 kwenye msumeno wa 160, zinaingiliana?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni seremala hapahapa Tanga, niko Mikanjuni, natengeneza makabati ya jikoni na vitanda. Mwaka jana nilipata msumeno wa reli wa mtumba, ule unaoteleza juu ya reli, Festool TS 55, mashine iko vizuri tu ila bledi yake imechoka, meno mawili yameng'oka na ukikata melamini inachubuka juu kama imetafunwa na panya. Nimezunguka Ngamiani duka kwa duka, bledi ya kipenyo cha milimita 160 sijapata, zilizopo ni 165 na 185, na muuzaji mmoja akanambia chukua hiyo 165 zinaingiliana, tundu lake ni lilelile 20. Nimeinunua, iko hapa mezani ila bado sijaifunga, roho inasita. Niifunge? Na kama hapana, nikiagiza Dar niwaambie nini hasa, maana nikishatuma hela mzigo ukaja sio, ndo imetoka hiyo.
— Seremala wa Mikanjuni

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiifunge. Ifute, irudishe kwenye pakiti yake na umpelekee mwenyewe leoleo kabla haijapata mkwaruzo, mwambie kwa upole haikufaa, wengi wanabadilisha ukiwahi.

Sababu ni hii. 165 toa 160 ni milimita 5, lakini bledi inazunguka kwenye katikati yake kwahiyo kila upande imezidi 2.5. Ndani ya kava la mashine yako nafasi kati ya ncha za meno na kava ni ndogo, na nafasi kati ya meno na ule ulimi wa chuma wa nyuma ni ndogo pia, kwahiyo bledi iliyozidi inaweza kugusa ulimi ikiwa inazunguka zaidi ya mara elfu tano kwa dakika, na hapo sijui nikwambie nini zaidi. Na hata kama isingegusa popote, kipimo chako cha kina kingekudanganya, ukiweka 20 inashuka 22.5, unakata na meza chini.

Upande wa pili, mwenye mashine ya 165, kama Makita SP6000 au DeWalt DWS520 au Bosch GKT 55, akifunga ya 160 haitagusa kava, ila anapoteza hizo 2.5 za kina, na kama mashine yake ina ulimi meno yanakuwa mbali zaidi nao. Huo ulimi hautakiwi kuwa mbali na meno zaidi ya milimita 5, apime kabla hajawasha. Mafell MT55 wao wana 162, kipimo chao peke yao.

Sasa tundu. Muuzaji wako hakukosea kwenye tundu, misumeno mingi ya reli ya saizi hii ni 20, sio Festool tu. Ila tundu kuwa sawa ndo kunakowaponza mafundi wengi, bledi inaingia kwenye ekseli, inakaa, inabana, mtu anasema imekubali. Kuingia imeingia kweli. Kwenye TS 75 hata usingedanganyika maana yenyewe ni bledi ya 210 na tundu 30, vitu viwili tofauti kabisa.

Kitu ambacho karibu hakuna anayeniuliza, na ndicho kinachoharibu kazi za watu, ni UNENE. Bledi ina unene mara mbili. Kuna unene wa mwili, lile bati lenyewe, na kuna upana wa mkato, yaani upana wa jino la kabaidi, ile ncha ngumu iliyochomelewa, kutoka ubavu huu mpaka ule, ambao siku zote ni mkubwa kuliko mwili ili bati lisisuguane na mbao. TS 55 za nyuma bledi zake zimeandikwa 160 x 2.2 x 20, hiyo 2.2 ndo mkato. TS 55 F iliyokuja baadae bledi zake ni 160 x 1.8 x 20. Kipenyo kilekile, tundu lilelile, jina la mashine linafanana, ukimwambia mtu wa duka nipe bledi ya TS 55 anaweza kukupa yoyote kati ya hizo na wala hajakuibia, wewe ndo hukumwambia yote.

Na ulimi ndo unaamua upi ni upi. Ule ulimi kazi yake ni kuingia kwenye njia iliyokatwa na kuzuia mbao isijifunge ikabana bledi. Kwahiyo lazima uwe mnene kuliko mwili wa bledi na mwembamba kuliko mkato. Chukua venia, kile kipimo cha kubana cha unene, pima ulimi wa mashine yako, kisha linganisha: mwili, ulimi, mkato, namba ziende zinapanda kwa mpangilio huo. Ukifunga bledi yenye mkato mwembamba kuliko ulimi, mashine itakata kidogo tu alafu inagoma, ulimi umefika kwenye njia haupiti, unasukuma, reli inahama, mota inanuka. Na ukifunga yenye mwili mnene kuliko ulimi, mashine itakata vizuri kabisa hutaona shida yoyote, mpaka siku umepasua ubao wenye mkazo ndani yake ukajifunga nyuma ya bledi, ulimi upo lakini haushiki chochote, na mashine inaruka kuja kwako. Hii ya pili naiogopa zaidi kwasababu haikupi dalili.

Bado unene haujaisha. Angalia ile raba nyembamba ya pembeni ya reli yako. Siku ya kwanza reli ikiwa mpya fundi anapitisha msumeno na bledi inaikata raba sawasawa na mstari wake, kuanzia hapo unaweka raba juu ya alama ya penseli na unajua mkato utapita hapo hapo, na hiyo raba ndo inabana uso wa melamini usichubuke. Sasa bledi inabanwa na visahani viwili, flenji, na inakaa imeegemea flenji ya ndani, ya upande wa mota, na mota iko upande wa reli. Kwahiyo kinachoamua mkato unapita wapi kwenye raba ni kiasi gani jino limetokeza nje ya mwili kwa upande huo. Chukua mkato, toa mwili, gawa kwa mbili. Bledi ya mkato 2.2 na mwili 1.6 jino limetokeza 0.3. Ukileta nyingine mkato 2.6 na mwili uleule 1.6 jino limetokeza 0.5, itakula raba 0.2 zaidi. Utasema 0.2 ni nini. Ni kwamba ukirudisha bledi yako ya zamani raba haiigusi tena, imebaki nafasi, na kwenye nafasi hiyo ndo melamini inapasuka vile vibanzi vyeupe, na wewe unalaumu meno.

Mi hilo lilinikuta kwenye kabati la mteja wa Raskazone, milango kumi na mbili ya melamini nyeupe. Nilikuwa nimebadilisha bledi asubuhi kupasua mbao za fremu, mchana nikarudisha ile ya meno mengi, nikakata milango minne kabla sijainama kuangalia ukingo kwa karibu. Yote minne ina meno meno kwenye uso wa juu. Bledi ilikuwa kali kama wembe. Raba ndo ilikuwa imeliwa. Nilinunua bodi nyingine kwa hela yangu, na toka siku hiyo bledi zangu zote za msumeno wa reli nanunua zenye mkato mmoja na mwili mmoja, natofautisha idadi ya meno tu. Raba ikishaliwa inabandukwa na kubandikwa mpya, inauzwa kwa mita, ila kwanza tulia kwenye saizi moja ndo ubandike.

Kuhusu meno, hapo we mwenyewe unajua kazi yako kuliko mimi, ntakupa tu hesabu. Bledi ya 160 mzunguko wake wa nje ni kama milimita 502. Ukiwa na meno 48 jino na jino zimeachana kama 10, ukiwa na 28 zimeachana 18, ukiwa na 14 zimeachana kama 36. Sasa weka mvule wa milimita 50 chini ya bledi ya meno 48, kunakuwa na msururu wa meno ndani ya mbao kwa wakati mmoja, kila moja na kibonde kidogo cha kubebea vumbi, vumbi halina pa kwenda, linasuguana, mbao inaungua rangi ya kahawia. Ya 48 ni ya bodi nyembamba na kukata kukatisha nyuzi. Kupasua ubao mnene kwa kufuata nyuzi ni 12 mpaka 18. Ya 28 ni ya fundi mwenye hela ya bledi moja tu. Kwa melamini na fomeka angalia umbo la jino pia, kuna zenye jino moja la bapa na linalofuata limekatwa kona zote mbili, zinapokezana, hizo zinahimili gundi ngumu ya bodi kuliko zile zenye ncha iliyochongwa kushoto na kulia, japo kwenye plaiwudi na mbao za kawaida zile za ncha ndo zinatoa mkato msafi.

Na mwisho soma maandishi kwenye bati, kuna n max na namba. Hiyo ni mizunguko ya juu ambayo bledi inaruhusiwa, lazima iwe sawa au zaidi ya ya mashine. Ya mashine yako isome kwenye kibati chake. GKT 55 na MT55 zinafika 6,250. Bledi isiyoandikwa namba hiyo kabisa mi siichukui hata ya bure.

Kwahiyo ukipiga simu Dar waambie hivi: kipenyo 160, tundu 20, mkato 2.2 (kama mashine ni F, 1.8), mwili uwe mwembamba kuliko ulimi wangu ambao nimepima ni kadhaa, meno 48 ya kukatia melamini, n max isiwe chini ya mizunguko ya mashine yangu. Waombe wakupigie picha ya bati lenyewe sio ya pakiti, usome, ndo utume hela.

SWALI: Fundi habari za Tanga mjini. Niko Muheza. Nina Makita SP6000, shemeji yangu yuko Marekani kaniletea bledi tano nzuri sana za inchi 6 na nusu. Kipenyo kinakubali ila tundu ni dogo haliingii kwenye ekseli. Kuna karakana ya vyuma hapa wanasema watalitanua kwa mashine mara moja. Naomba ushauri maana bledi tano sio mchezo.
— Msomaji wa Muheza

JIBU: Salama ndugu yangu, za mashambani. Inchi 6 na nusu ni 165.1, kwahiyo kipenyo kweli kinakubali. Tundu la hizo bledi za Marekani ni inchi 5 ya 8, yaani 15.88, na lako ni 20. Najua zinauma lakini usizipeleke.

Ningekuwa nimesikia tu nisingekwambia kwa ukali huu. Nilifanya mwenyewe, bledi moja, karakana moja ambayo siitaji, waliifunga vizuri kwa macho na tundu likatoka jeupe linang'aa. Nilipoifunga kwenye msumeno na kuizungusha kwa mkono niliona jino linasogea na kurudi. Nikaiwasha hivohivo, kosa langu. Ikitanuliwa ikahama katikati hata 0.2 tu ya milimita, upande mmoja wa bledi unakuwa umetokeza zaidi, meno ya upande huo ndo yanakata peke yao, mengine yanapita hewani, mashine nzima inatetema mpaka mkono unakufa ganzi. Kwenye ubao wa mninga mkato ulitoka na mawimbi. Baada ya wiki nilianza kusikia beringi.

Kutanua tundu kunafanywa na wenye mashine maalum za bledi wanaoshikilia katikati kwa usahihi, sio kwa drili na sio kwa kuotea. Kama bledi zingekuwa na tundu kubwa, tuseme 30, hapo kungekuwa na njia, unaweka bushi, yaani pete ya kupunguza tundu, 30 kuja 20. Bushi hiyo iingie kwa kubana kidogo isicheze, na iwe nyembamba kuliko mwili wa bledi, maana ikitokeza nje flenji itabana bushi badala ya kubana bledi, utakaza nati mpaka mwisho na bledi bado inateleza. Pete ya kukata kwa mkasi au bati la kopo sio bushi, nimeziona zote.

Hizo tano zako tafuta mtu mwenye msumeno wa betri wa Kimarekani wa inchi 6 na nusu, wapo wanaoletewa na ndugu zao kama wewe, mbadilishane au umuuzie.

SWALI: Mzee wangu, napasua mtiki wa hapa Longuza kwa msumeno wa reli, bledi ya meno 14 kabisa kama mnavyosema, mpya haina mwezi mzima, lakini inaunguza na nalazimika kusukuma. Nibadili? Na kuna mtu anasema naweza kuinoa kwa tupa.
— Mpasuaji

JIBU: Kabla hujabadili ivue uiangalie kwenye mwanga. Mtiki una mafuta na una chembe kama za mchanga ndani yake, silika, hizo zinakula makali haraka kuliko mbao nyingi. Lakini mara nyingi bledi ya mwezi mmoja haijaisha, imepakwa. Utaona utandu mweusi umeganda ubavuni mwa jino na kwenye kibonde, huo ndo unaosugua mbao na kuiunguza. Chomoa mashine kwenye umeme, vua bledi, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kama nusu saa, sugua kwa mswaki wa zamani, palipogoma weka mafuta ya taa kidogo kwa kitambaa. Usikwangue kwa bisibisi, kabaidi ni ngumu lakini inameguka kama kigae. Ikaushe kabisa na uipake mafuta mepesi ya cherehani, ukiwa huku pwani hii hewa ya chumvi inaweka kutu kwenye bati usiku mmoja, na ukitaka kuifunga tena futa yale mafuta kwanza hasa pale flenji inapobana.

Kama ni safi na bado inaunguza, pitisha ukucha taratibu kwenye ncha ya jino. Jino kali linakwangua ukucha, jino butu linateleza. Hapo inahitaji kunolewa, ila sio kwa tupa, tupa haikati kabaidi, tupa ndo itakayoisha. Kabaidi inanolewa kwa jiwe la almasi. Na angalia reli yako pia, kama msumeno unacheza kushoto kulia juu ya reli bledi inasugua ukuta wa mkato na itaunguza hata ingekuwa mpya ya jana. Kuna vifundo vya kukazia pembeni ya sahani ya msumeno, kaza mpaka uteleze bila kucheza.

SWALI: Kijana wangu wa karakana amefunga bledi ya mbao kwenye grenda ndogo anakatia plaiwudi na anasema wote wanafanya hivo. Je ni sawa maana bledi imeandikwa ya mbao?
— Mama mwenye karakana, Makorora

JIBU: Mama, hapana, na nakuomba umzuie leo usisubiri kesho. Grenda ndogo ya milimita 115 inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, karibu mara mbili ya msumeno wa reli. Ekseli yake sio saizi ya tundu la bledi nyingi za mbao, kwahiyo mara nyingi imekaa kwa kubahatisha. Ili bledi kubwa ienee wanatoa kava. Ulimi hauna, sahani ya kukalia juu ya mbao haina, kuna mkono wa kijana wako tu. Jino la bledi ya mbao linang'ata, linataka kuvuta, jiwe la grenda linasugua tu, ndo maana grenda haikutengenezwa kushika kitu kinachong'ata. Iking'ata kwenye fundo la mbao inaruka kwenye paja au shingo kabla hajaachia swichi, na swichi nyingi za grenda ndogo zikiwashwa zinabaki zimewaka zenyewe hata ukiidondosha chini.

Mwambie aivue, akupe bledi uiweke ndani kwako, na hizo plaiwudi akatie msumeno wa mkono wa meno madogo, aweke ubao chini kushikiza, mpaka mpate msumeno wa mviringo hata wa mtumba wenye kava linalorudi lenyewe.